Gari Langu la Mbio Linamaliza Mshahara Kati ya Bagamoyo na Posta

SWALI

Mzee wetu wa safu ya magari, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mhasibu katika ofisi moja iliyopo Posta, Dar es Salaam, na makazi yangu ni Bagamoyo, ambako nilijenga kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba. Kila siku ya kazi natoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nampitisha mwanangu shuleni, kisha naelekea mjini. Kwa kipimo cha gari langu, safari hiyo ni kilomita 70 kila upande, yaani kilomita 140 kwa siku, siku tano kwa juma.

Gari ninalotumia ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2005, injini ya lita 2.0 yenye turbo, gia sita za mkono, iliyotoka Japani. Nimelitamani gari hili tangu nikiwa kidato cha pili, na niliweka akiba kwa miaka sita ndipo nikalipata mkononi mwa mtu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amebadilisha sailensa, amefunga rimu pana kuliko zile za kiwandani, na ameweka valvu ambayo kila ninapobadilisha gia hutoa sauti ya "pshii". Kwa kweli sauti hiyo naipenda.

Shida yangu ni mafuta. Nikijaza tenki la lita 60 Jumatatu asubuhi, ikifika Jumatano jioni taa ya mafuta imekwisha kuwaka na naingia sheli na presha. Nimehesabu kwamba natumia lita 20 kwa siku. Nimejaribu kuzima kiyoyozi nikafika kazini shati likiwa limelowa jasho. Nikikaribia vijiji vyenye kibao cha 50 huwa naweka gia huru ili gari liteleze lenyewe, na pale barabara inaponyooka naenda 110 ili kufidia muda niliopoteza. Rafiki yangu ananishawishi ninunue sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta, ambayo anasema inapunguza matumizi kwa robo nzima.

Jambo jingine, sijui kama linahusika: mwaka jana gari lilipandisha joto kwenye foleni ya Mwenge, na fundi wa gereji moja akaitoa themostati na kuitupa, akaniambia kwamba hicho ni kifaa cha nchi za baridi. Tangu siku hiyo halijachemsha tena, ingawa mshale wa joto nikiwa barabarani haufiki mahali ulipokuwa ukifika zamani.

Mke wangu anataka niliuze na kununua Toyota IST. Amenipa muda hadi mwisho wa mwaka, na simlaumu, kwa kuwa ada ya mtoto tunailipa kwa kukopa. Naomba uniambie ukweli, mzee wangu: je, gari hili linaweza kupunguza ulaji wa mafuta, au najidanganya?

Mwanao, Bagamoyo.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Hujidanganyi, lakini matarajio yako lazima yawe na mpaka. Lita 20 kwa kilomita 140 ni sawa na kilomita 7 kwa kila lita. Kwa gari la aina yako, lenye turbo (kifaa kinachobana hewa na kuisukuma ndani ya injini), linalovuta kwa magurudumu yote manne, na lililo katika safari iliyochanganya barabara ya wazi na foleni ya mjini, naona inawezekana kufika kilomita 9 na kidogo kwa lita. Hapo utakuwa unatumia lita 15 kwa siku badala ya 20, na katika mwezi wa siku 22 za kazi utabakiwa na lita 110 ambazo hukuzinunua. Nakuhesabia kwa lita na si kwa shilingi kwa makusudi, kwa sababu EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mtu anayepima kwa shilingi huweza kudhani gari lake limepona kumbe bei ndiyo iliyoshuka.

Ulichoniandikia mwishoni, ukiwa hujui kama kinahusika, ndicho nilichokisoma mara mbili. Themostati si kifaa cha nchi za baridi. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, ambalo kwa maji ni karibu nyuzi 80 au zaidi, kisha kufungua na kufunga ili joto hilo lidumu palepale, iwe uko Bagamoyo au uko Hokkaido. Ikiondolewa, maji huzunguka kwenye rejeta wakati wote, na gari likishika mwendo upepo huyapoza kupita kiasi. Ndiyo maana mshale wako haupandi. Sasa, kompyuta ya gari husoma joto hilo kupitia sensa, na ikiona maji ni ya baridi huamini kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa asubuhi. Basi huongeza mafuta, kwa kuwa injini baridi huhitaji mchanganyiko mzito zaidi. Wewe umekuwa ukiendesha kilomita 140 kwa siku kwa mwaka mzima huku kompyuta ikidhani kila dakika kwamba gari linaamka usingizini. Tena hasara haiishii kwenye mafuta, kwa maana petroli isiyoungua vizuri hupenya kando ya pete za pistoni na kuichafua oili, na injini isiyofikia joto lake huchakaa mapema.

Kwa hiyo rudisha themostati, na iwe halisi ya Subaru. Usikubali ya bei ndogo inayofanana nayo kwa umbo tu. Lakini kabla ya kuirudisha, yule aliyeitoa aliacha swali bila jibu: kwa nini gari lilichemka? Gari linalochemka kwenye foleni na kutulia likishika mwendo, mara nyingi lina feni isiyowaka kwa wakati, rejeta iliyoziba, au mfuniko wa rejeta uliochoka na kushindwa kushika presha. Mwambie fundi apime hivyo vyote, na kwa kuwa ni Subaru, apime pia kama gasketi ya kichwa cha injini inavujisha gesi kwenye maji. Ukirudisha themostati bila kutibu chanzo, gari litachemka tena na utaniona mimi ndiye niliyekuharibia.

Umelipia fundi huyo, na bado anakugharimu mafuta kila siku. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu nimekutana nalo katika magari mengi sana ya ukanda wetu wa pwani, na wenye magari huishia kulaumu gari.

Kabla ya kugusa chochote, hata hiyo themostati, nunua daftari dogo ulitie kwenye droo ya gari. Jaza tenki hadi pampu ikate yenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, endesha kama kawaida yako, kisha rudi sheli ileile na pampu ileile ujaze tena mpaka ikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Tenki moja halitoshi, maana foleni ya juma moja si foleni ya juma jingine; chukua wastani wa matenki matatu. Namba hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi wako. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na upime tena, ili ujue kipi kimekusaidia na kipi kimekula fedha bure. Wewe ni mhasibu, hili halitakushinda.

Nakuja kwenye valvu yako ya "pshii". Najua unaipenda, na sitakudanganya kwamba haina kosa. Katika gari lako kuna sensa inayopima hewa yote inayoingia kwenye injini, nayo hukaa mwanzoni kabisa, karibu na chujio la hewa. Kompyuta hutoa mafuta kulingana na hewa iliyopimwa hapo. Kiwandani, unapoachia mafuta ili ubadilishe gia, hewa iliyobanwa na turbo hurudishwa ndani ya bomba, baada ya sensa, kwa hiyo hesabu haiharibiki. Valvu uliyofungiwa huimwaga nje hewa ambayo tayari imekwisha kuhesabiwa, na ndiyo inayotoa ule mlio. Kompyuta haijui kwamba hewa imekwenda. Hutoa mafuta ya hewa isiyokuwepo, na kwa muda mfupi injini hupata mafuta mengi kuliko inavyoweza kuchoma. Mara moja si kitu. Lakini hesabu ni mara ngapi unabadilisha gia kutoka Bunju hadi Posta. Rudisha valvu ya asili, ambayo kwa kawaida hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika kwa kuwa vijana wengi huing'oa.

Wakati gari liko kwa fundi, aliunganishe na mashine ya kupima akusomee mambo mawili: hali ya sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, na kiasi ambacho kompyuta imekuwa ikiongeza au kupunguza mafuta kwa kujirekebisha. Gari lenye miaka hii mara nyingi lina sensa iliyozeeka, na sensa iliyozeeka haiwashi taa ya injini kila mara. Aangalie na plagi. Injini hii imelala ubavu na plagi zimefichwa pembeni karibu na fremu, hivyo mafundi wavivu huziruka na kukwambia bado ni nzima. Mwombe akutolee zote nne uzione kwa macho yako.

Sasa tuongee kuhusu mguu wako wa kulia, maana hapo ndipo lita zako nyingi zinapokwenda hata gari likiwa zima.

Injini ya petroli ikitembea kwa utulivu huchanganya takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Turbo ikijaza, kompyuta huacha uwiano huo na kuongeza mafuta hadi karibu na sehemu 11 au 12 za hewa, kwa sababu mafuta ya ziada hupoza vyumba vya kuchomea na kuilinda injini isijipige, yaani mchanganyiko usilipuke ovyo kabla ya wakati wake. Mafuta hayo ya ziada hayakusogezi hata hatua moja. Kwa hiyo gari lako ni kama magari mawili: turbo isipojaza una injini ya lita 2.0 yenye adabu, na ikijaza una gari la mashindano. Kama huna saa ya kuonyesha msukumo wa turbo, hiyo ndiyo nyongeza pekee nitakayokuruhusu kuinunua. Ifunge mahali unapoiona, kisha jifunze kupanda mwendo bila mshale kuvuka sifuri. Si lazima utambae. Ongeza mwendo kwa mguu thabiti, badilisha gia mapema, na ukifika mwendo unaoutaka ingiza gia ya sita na ukae hapo. Ukiwa kilomita 90 kwa saa, mizunguko ya injini itakuwa kati ya 2,000 na 2,500, nayo inatosha kabisa. Ila usiikabe injini kwa kukanyaga mafuta hadi chini ukiwa gia ya sita na mwendo mdogo, kwani hapo ndipo injini hujipiga. Ukitaka kulipita lori, rudisha gia, lipite kwa nafasi iliyo salama, kisha tulia tena.

Kuhusu kilomita 110 unazokwenda kufidia muda, hesabu inakukataa. Ukiondoa vibao vya 50 vya Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga, tuseme una kilomita 30 za kuachia gari. Kwa 110 utazimaliza kwa dakika 16 na nusu hivi, na kwa 90 utazimaliza kwa dakika 20. Unachopata hakifiki dakika nne, na foleni ya Tegeta itakunyang'anya zote. Unachotoa ni kikubwa zaidi: upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kushuka kutoka 110 hadi 90 huupunguza kwa karibu theluthi moja. Hapo sijataja tochi za askari wa barabarani wala watoto wanaovuka kwenda shule kama wako.

Hiyo tabia ya kuweka gia huru ukikaribia kibao cha 50, iache leo. Nia yako ni njema lakini matokeo ni kinyume. Katika gari linalotumia nozeli za kielektroniki, ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gia ikiwa imeingia na mizunguko bado iko juu, kompyuta hufunga nozeli kabisa; magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na petroli inayotumika ni sifuri. Ukiweka gia huru, magurudumu hayaizungushi tena, hivyo injini hulazimika kunywa mafuta ili isizimike. Isitoshe, unajinyima breki ya injini mahali ambapo bodaboda anaweza kuchomoza bila taarifa. Barabara yako ya Bagamoyo ina vibao vingi, na unavijua vyote kwa moyo. Ondoa mguu mapema, mita 200 au 300 kabla, acha gia ndani, na gari lifike kwenye kibao likiwa limeshuka lenyewe. Vibao unavyovichukia ndivyo vitakavyokupa kilomita za bure.

Foleni ni habari nyingine. Injini kama yako ikiwa imesimama inaunguruma hutumia karibu lita moja kwa saa, na zaidi kiyoyozi kikiwaka. Kama kwenda na kurudi kunakuweka saa moja na nusu umesimama, jaribu kutoka nyumbani nusu saa mapema, na uliza shuleni lango hufunguliwa saa ngapi. Kama lango ndilo linalokubana, zungumza na mwenzako wa ofisini anayekaa njia hiyo, mchangie mafuta na kupokezana magari. Isiwe biashara ya kubeba abiria kwa nauli, kwa kuwa hiyo ina leseni yake kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Watu wawili wenye magari mawili wakipokezana, kila mmoja huokoa nusu ya mafuta yake, na hakuna marekebisho ya gereji yanayoweza kukupa hilo.

Kiyoyozi kiwashe. Ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu funga vioo ukiwashe, kwa kuwa vioo vilivyo wazi navyo hukamata upepo; kuloa jasho hadi kazini hakujakuokolea kitu cha maana. Upepo wa matairi pima kila juma, asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Na matairi yakichakaa badilisha yote manne kwa pamoja, ya aina moja, kwa sababu gari linalovuta kwa magurudumu yote likiwa na matairi yaliyopishana unene, difu zake (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) hufanya kazi muda wote na huishia kuharibika. Ukipata rimu za asili, zirudishe. Ni nyembamba, na huenda zikawa nyepesi pia.

Angalia pia kibandiko kilicho ndani ya mfuniko wa mafuta, kama hakijabanduka. Kimeandikwa kwa Kijapani, na kinadai petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya Japani huwa na oktani (kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili kubanwa bila kulipuka mapema) isiyopungua 96, wakati ile ya kawaida huanzia 89. Ukilitilia gari hili petroli ya oktani ndogo, sensa inayosikiliza mlio wa injini kujipiga huichelewesha cheche ili injini isijipige, na cheche iliyochelewa hula mafuta zaidi kwa nguvu ileile. Waulize wauzaji oktani ya petroli yao, na wenye oktani ya juu ndio wawe sheli yako.

Sumaku ya rafiki yako usiinunue. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kupunguza mafuta, na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote, nayo ndogo. Fedha hiyo iweke kwenye themostati.

Limebaki la mama watoto wako, nami sitakuficha. Hata ukifanya yote haya, IST ya injini ya lita 1.3 ingeweza kukufikisha Posta na kukurudisha kwa lita 10 hivi. Kwa maneno mengine, ukilibakiza gari lako baada ya kulitengeneza, unachagua kulipa lita tano zaidi kila siku ya kazi kwa ajili ya kitu unachokipenda. Uamuzi huo si wangu, na kwa nyumba inayokopa ada ya mtoto si wako peke yako. Mwonyeshe daftari. Keti naye mkiwa na wastani wa matenki matatu ya kabla na matatu ya baada, umweleze gharama ya kila kifaa ulichorudisha, na mkubaliane ni lita ngapi kwa mwezi nyumba yenu inaweza kubeba. Ikiwa namba itakataa, uza gari likiwa na themostati yake na valvu yake ya asili. Litapata mnunuzi anayelijua na bei nzuri kuliko lilivyo sasa.

Anza na matenki matatu ya kwanza kabla ya kwenda kwa fundi, na ukishapata namba ya pili niandikie unijulishe mshale wa joto umesimama wapi.

Mzee wako wa safu ya magari.